Kamba ya Mayu, Kutoka Mlangoni Hadi Chooni

Mtaa wa Somanda,
Bariadi, Simiyu.
14 Juni, 2025.

Mpendwa dada yangu Dorkasi,

Mwangaluka, dada. Huenda barua itakufikia huko Tunduru mchana au jioni, lakini mimi naandika asubuhi, kwa hiyo pokea salamu ya asubuhi. Shemeji Amoni anaendeleaje? Ule mkono wa kulia umeanza kushika kikombe, au bado unamnywesha wewe? Na mgongo wako je, na presha? Nakuuliza yote kwa mara moja kwa sababu kwenye simu ukiulizwa unasema "tupo tu", halafu unaanza kutuuliza sisi.

Sisi tupo. Mke wangu Evalina ni mzima, anakusalimia. Binti yetu Jenipha yuko Kiloleli kwa mume wake, mimba imefika miezi saba na miguu inamvimba jioni. Mayu, mama yetu, ni mzima. Mkono wake umeunga, ingawa kifundo kimebaki kimepinda kidogo, na nyonga haimuumi tena labda asubuhi kukiwa na baridi. Anatembea.

Mvua ziliisha mapema mwaka huu. Pamba ya kule nyumbani Shishiyu imetoka hivyo hivyo, miti mifupi. Malori ya pamba yanapita hapa mbele ya karakana yangu kutwa nzima, na nyuzi nyeupe zinanasa kwenye miba ya fensi hadi unadhani kuna kitu kimechanua. Kazi zipo. Nimechoka tu, dada. Siyo kuchoka kwa kazi.

Utashangaa kupata barua. Mimi sijaandika barua tangu nilipomaliza darasa la saba. Mara tatu nimekupigia simu nikitaka kukuambia haya. Mara ya kwanza ulikuwa umemshika shemeji, ukasema nikupigie baadaye. Mara ya pili mayu alikuwa amekaa hapa pembeni. Mara ya tatu hakukuwa na sababu, niliogopa tu, nikakuuliza habari za mvua. Kwenye simu mimi naongopa vizuri. Kwenye karatasi nimeona siwezi.

Dada, mayu hakuanguka kwa sababu ya mbuzi.

Naiandika sentensi hiyo peke yake ili nikiifuta uone mahali nilipofuta.

Siku ile ya Septemba nilikupigia nikakuambia mayu ametoka asubuhi kufukuza mbuzi waliokuwa wanakula michembe yake ya viazi juani, kwamba alikimbia kwenye mawe na macho yake yale akaanguka. Nikasema tumemkataza mara ngapi, hasikii. Ukakasirika, na mtu yeyote angekasirika. Ukaniambia niweke simu sauti kubwa. Tulikuwa wodini, mimi na Evalina na wagonjwa wa vitanda vya jirani, wote tukisikia. Ukamwambia, "Mayu, umezidi ubishi. Sasa utakaa Bariadi kwa Magese. Kule hurudi mpaka nije mimi mwenyewe nikurudishe."

Mayu akaitikia, "Haya, mwanangu."

Na mimi ndiye nilikuwa nimeshika simu.

Ngoja nianze mwanzo. Wewe hujafika nyumbani tangu shemeji apate kiharusi, huu mwaka wa nne, kwa hiyo ile kamba hukuiona. Unajua baba alipofariki mayu alikataa kuja kwangu. Alisema yeye ataishi kwenye moshi wake. Macho yakawa yanaendelea kufifia, mtoto wa jicho pande zote mbili, jua likiwaka ndiyo haoni kabisa. Sasa unamkumbuka mama Ng'washi, mjane wa mzee Ndaki, wa ng'ambo ya ua wetu wa katani? Yule ndiye alimsukia kamba. Kamba ya katani nene kama ya kufungia dume. Akachimbia nguzo za miti, akaivuta kutoka mlango wa nyumba, ikapita jikoni, ikapita kwenye mtungi wa maji, ikaishia chooni.

Na alikuwa ameipiga mafundo. Fundo moja maana yake hapa kuna ngazi, inua mguu. Mafundo mawili, umefika kwenye mtungi. Matatu, umefika chooni, mlango uko kushoto. Mayu alikuwa anatembea na kamba ile kama mtu mwenye macho yake. Anapika, anateka, anamwagia kuku pumba, anaanika michembe. Watu wakimpa pole ya macho anawaambia, "Nimeyahamishia mkononi." Halafu anacheka, si unakijua kile kicheko chake cha puani.

Mara mbili aliniambia, "Magese, wewe ni fundi wa chuma. Nguzo hizi zinaliwa na mchwa. Nitengenezee ya chuma, hata kama ni mbaya." Mara mbili nikamwambia sawa mayu, nikimaliza kazi hii. Kazi hii ilikuwa mageti ya watu. Nimetengeneza geti lenye simba wawili. Nimetengeneza geti lenye maua na jina la mwenye nyumba. Ukipita Bariadi nzima utakuta kazi ya mkono wangu kwa watu nisiowajua hata ukoo. Kwa mayu hakuna hata bawaba.

Basi ikafika Septemba, ng'ombe wa Jenipha wakawa wanakuja. Unajua kwetu, ng'ombe wa mahari hawawezi kupokelewa karakana mjini, lazima waingie kwenye mji wa bibi, zizi la baba. Mimi na Evalina tukaenda siku moja kabla kusafisha. Evalina akapaka kuta. Mimi nikasimama uani nikaiona ile kamba kwa macho ya wakwe. Imekuwa nyeusi kwa mafuta ya mkono, imeanikwa tambara la vyombo na soksi moja. Nikawaza kwamba wale watu wa Kiloleli, na mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, watasema huyu anayetengenezea watu mageti mama yake anaongozwa kwa kamba kama ndama.

Nikaifungua.

Mayu alisikia nguzo zinalia, akatoka. Nikamwambia, "Mayu, ni siku moja tu. Wageni wakiondoka naifunga."

Akauliza, "Utaifunga?"

"Nitaifunga."

"Basi sawa. Nitakaa ndani nipendeze."

Nikaikunja, nikaitundika kwenye kihenge cha mtama.

Kesho yake ng'ombe wakaja, na vigelegele vikaja. Kulikuwa na mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni, hakutaka kabisa kuingia zizini. Akavunja ua, akataka kurudi kwao, wanaume wakawa wanamfukuza kwenye mashamba na suti zao. Watu wanapiga kelele, "Kamba! Leteni kamba! Huu mji hauna kamba?" Dada, mimi mwenyewe ndiye nilikimbia kwenye kihenge. Nikamtupia shingoni, nikamfunga, watu wakashangilia. Mkwe akaniambia, "Baba Jenipha, bado una mikono." Nikajisikia mtu. Nikajisikia mji wetu ni mji.

Jioni ile Salu wa baba mdogo akaondoka na wale ng'ombe kwenda kuwalisha Mwandoya, maana kwetu majani yalikuwa yamekwisha. Mtamba akaondoka na kamba shingoni, inaburuta. Niliiona ikiondoka. Nataka ujue hilo, niliiona. Nikasema moyoni kesho nitanunua nyingine. Nikarudi kula nyama.

Asubuhi mayu akaamka kabla ya watu kama kawaida yake, akatoka, akapeleka mkono pale kamba inapoanzia.

Hivyo ndivyo alivyoanguka. Kwenye ngazi, pale penye fundo moja.

Mbuzi nimewatoa wapi? Dada, sijui. Jirani mmoja alifika kwanza, akauliza imekuwaje, mdomo wangu ukasema mbuzi. Halafu wakwe wakapiga simu, nikasema mbuzi. Mtu akianguka siku ya pili baada ya ng'ombe kuingia, watu wanaanza kusema ndoa imekuja na mkosi, na nikisema ni kamba iliyomfunga ng'ombe wao, hapo ndiyo basi tena. Nilijiambia ninamlinda Jenipha. Halafu nikakuambia na wewe mbuzi, na wewe ulikuwa Tunduru, hukuwa mkwe. Na mbuzi wetu wa mwisho walikufa kwa ugonjwa mwaka juzi. Nilikuambia mwenyewe walipokufa, na ukanipa pole. Nilishukuru kwamba hukukumbuka. Baadaye nikawa natamani ungekumbuka.

Tangu hapo mayu yuko hapa kwetu, mwezi wa tisa sasa. Usidhani Evalina anamtendea vibaya. Anamtendea vizuri mno. Hajawahi kuosha hata kikombe. "Mayu, kaa. Mayu, acha. Mayu, utaanguka." Kutwa nzima hayo ndiyo mazungumzo, na mimi nimo. Mwanamke aliyelima ekari tatu za pamba akiwa na mimba yako sasa anasema, "Naomba chooni." Anaomba. Tukitoka kwenda kanisani bila yeye, siku ambazo mguu umemkataa, tunafunga geti kwa nje kwa usalama wake. Geti ni kazi yangu, lile la kwanza nililojivunia.

Mwezi wa tano siku moja nilitoka karakana kunywa maji nikamkuta kwenye kile kiti cha plastiki, peke yake, amekaa. Mkono wa kushoto umeshika kitu, wa kulia unakata, unakata, unadondosha mapajani. Nikasogea. Hakuwa na kitu, dada. Alikuwa anakata viazi vya michembe hewani. Ni msimu wake. Aliposikia viatu vyangu akaweka mikono chini haraka kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Wiki hiyo hiyo mama Ng'washi akaja kumwona. Si unamjua, hakuna anachokisema kwa kunong'ona. Alikuja na mfuko wa michembe, akakaa chini kwenye mkeka, akaangalia ukuta, akaangalia geti, akaangalia vyuma vyote vya karakana, halafu akanigeukia.

"Baba Jenipha, vyuma vyote hivi ni vya kufungia watu ndani tu? Hakuna cha kumtoa mtu nje?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

"Na kamba yangu iko wapi?"

"Kamba gani, mama?"

"Ehe! Kamba gani! Nimesuka wiki mbili, mapaja yamenitoka ngozi, nikamwambia Milembe huyu, hii utaitumia mpaka mimi nife kwanza. Ukaja na suti yako ukaifungia ng'ombe. Sasa nilipwe kamba au nilipwe Milembe? Maana vyote viwili umechukua."

Evalina akaacha kukoroga uji. Alikuwa hajui, dada. Hata yeye nilimpa mbuzi. Alikuwa bado amelala siku ile, akaja kuamini alichokikuta.

Nikamwangalia mayu, nikitegemea hajasikia vizuri au hajaelewa. Mayu alikuwa anapapasa michembe kwenye mfuko, anavunja mmoja aone kama umekauka. Akasema taratibu kabisa, "Mwache, mama Ng'washi. Alikuwa na wageni."

Basi. Alikuwa na wageni.

Kumbe alijua siku zote. Pale wodini ulipomgombeza kwa ubishi wake alijua. Miezi yote ile watu wanakuja kumpa pole wanamwambia, "Bibi, mbuzi achana nao, umri huu," naye anaitikia "ni kweli". Alikuwa anabeba mbuzi wangu. Nikamuuliza jioni, "Mayu, kwa nini hukusema?" Akasema ng'ombe walikuwa wameingia zizini jana yake tu, na Jenipha alikuwa anampenda yule kijana. Halafu akasema, "Na wewe ulikuwa umesharuka mto. Ningesema ningekurudisha katikati ya maji." Sikuelewa vizuri, lakini nimeliweka.

Jumatatu iliyofuata nilifunga karakana nikaenda Mwandoya. Salu alinikuta kwake bila taarifa, akadhani kuna msiba. Nikamwambia nimefuata kamba.

"Kamba?"

"Aliyokuja nayo yule mtamba mwekundu."

"Yaani umetoka Bariadi umefuata kamba. Kaka, una homa? Mjini kamba zimeisha?" Akamwita mke wake aje anione. "Njoo umwone fundi, amefuata kamba!"

Walicheka sana, nikawaacha wacheke. Mtamba sasa ni ng'ombe, ana ndama. Kamba ilikuwa bado shingoni kwake lakini siyo yote, Salu alikuwa ameikata vipande akafungia ndama wengine. Nilichopata ni kipande cha urefu wa mtu mzima, na fundo lilikuwa moja tu. La ngazi.

Nilirudi nacho nikakiweka karakana mezani. Nikaanza kukata bomba.

Sasa hapa, dada, ndipo nilipojifunza kwamba miaka yote nilikuwa naongea na mayu bila kumuuliza kitu. Nilitengeneza reli ya chuma, nguzo tisa, nikaipeleka Shishiyu vipande vipande nikaiunganisha kwa bolti, nikachimbia kwa zege. Inang'aa. Mama Ng'washi akaja akasimama pembeni yake, ikamfika kifuani. Akaniuliza, "Umemtengenezea nani? Twiga?" Nilikuwa nimepima kwa kiuno changu.

Nikarudi Bariadi, nikamwambia mayu kila kitu, nikamwomba asimame nimpime. Alisimama wima kama anapimiwa gauni. Akaniambia kutoka mlangoni hadi mtungi ni hatua zake tisa, kutoka mtungi hadi chooni kumi na nne, na kwamba pale kwenye mteremko anataka pa kushika mikono yote miwili. Akasema choo cha kuchuchumaa ndicho kinachomshinda kuliko hata njia. Hilo hakuwahi kulisema. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Utamwambiaje mtoto wa kiume hivyo?" Nikamtengenezea kiti cha chuma chenye tundu, kina mikono pande mbili, anakaa juu ya shimo kama bosi ofisini. Hivyo ndivyo alivyosema yeye, kama bosi.

Nilikata nguzo zote tisa nikazipunguza. Kisha mama Ng'washi akashika chuma saa saba mchana akaruka. Kinaunguza! Jua la kwetu na bomba, sikuwaza. Akaniita mpumbavu mara moja tu, akaenda kwake akarudi na katani. Siku nne ameizungushia reli yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na mafundo ameyarudisha mahali pake. Pale kwenye ngazi amefunga kile kipande nilichotoka nacho Mwandoya. Amekataa kusuka kipya pale.

Mengine nimeyafanya pia, nitakutajia kwa haraka. Ngazi nimeipaka chokaa, maana jicho la kushoto bado linatofautisha nyeupe. Jiko nimeliinua juu ya matofali asiiname kwenye moto. Mama Ng'washi na mayu wamepatana kuwa kila asubuhi mayu akiamka ataning'iniza kanga nyeupe mlangoni, na jua likipanda bila kanga, mama Ng'washi anakuja na kelele zake. Mimi nitafika kila Jumamosi. Siyo nikimaliza kazi, kila Jumamosi. Madaktari wa macho wakija mwezi wa nane nitampeleka. Nilimuuliza kwanza kama anataka. Anataka jicho moja kwanza, aone wamefanyaje.

Siwezi kukuahidi kwamba hataanguka tena. Nimefikiri sana jambo hili mpaka kichwa kinauma. Anaweza kuanguka. Lakini hapa kwangu haanguki, anakwisha. Nakuambia nilichokiona na macho yangu.

Jumapili iliyopita nikamwambia, "Mayu, nyumba iko tayari. Nikupeleke Jumamosi?"

Akaniuliza, "Dorkasi anakuja lini?"

Nikamwambia dada hawezi kuja, shemeji hawezi kuachwa.

"Basi nitangoja."

Nikamwambia mimi ndiye nakupeleka. Akasema, "Wewe hukunileta. Dorkasi ndiye alisema nikae, mpaka aje." Nikamwambia nitampigia dada sasa hivi. Akanishika mkono. "Usimsumbue, ana mgonjwa. Tena alikasirika sana siku ile. Yule ni wa kwanza wangu, sitaki anikasirikie mara ya pili."

Unaona nilichofanya, dada? Wewe uko Tunduru unageuza mgonjwa kitandani, huna hata habari, na mama yako ana miezi tisa anaamini umemkasirikia. Kwa mbuzi ambao hawapo. Reli niliyotengeneza haiwezi kumfikisha popote kama neno lako bado limesimama pale mlangoni. Na neno hilo ulilisema kwa sababu yangu.

Kwa hiyo sikuombi unisamehe kwanza. Mimi unaweza kunikasirikia taratibu, kwa muda wako, nipo. Ninaomba kitu kimoja. Barua hii nampa kondakta wa basi ninayemfahamu, atampa mwenzake Dar, nafikiri haitazidi wiki moja. Jumapili ya tarehe 29, baada ya ibada, piga simu. Usipige kwangu. Piga kwenye simu ya Evalina, useme unamtaka mayu. Umwambie arudi nyumbani kwake. Ukitaka, useme niweke sauti kubwa kama siku ile, na useme na habari za mbuzi, watu wote wasikie. Nitaishika simu mwenyewe.

Na ukiona kwa akili yako kwamba asirudi, sema pia. Lakini useme ukijua ukweli, siyo ukiwa na habari zangu za uongo.

Nilikuwa nimeshamaliza hapa, nikatoka nje nikarudi. Kuna kitu nimekiruka. Nilisema sitaongopa kwenye karatasi, na kuruka naona ni ndugu wa uongo.

Asubuhi ile mayu hakwenda moja kwa moja. Alisimama kwenye ngazi, mkono umenyooshwa. Akaniita. "Magese." Taratibu, asiwaamshe wageni waliolala sebuleni. "Magese, kamba." Nilimsikia, dada. Nilikuwa macho. Nilikuwa nimekula sana na kunywa sana, kitanda kilikuwa na joto. Nikajiambia akiita mara ya tatu nitaamka. Nikageukia ukutani.

Hakuita mara ya tatu. Yeye siyo mtu wa kuita mara tatu, unamjua.

Hilo sijamwambia mtu. Evalina hajui, mama Ng'washi hajui. Mayu sijui kama anajua. Nikitengeneza kitu chochote cha chuma sasa, grinda ikinyamaza tu, ndiyo nasikia.

Nisalimie shemeji Amoni, mwambie namwombea mkono urudi. Kama anashindwa kushika kitanda akijigeuza, nipimie urefu wa kitanda kwa futi, na urefu wa mkono wake, umuulize yeye mwenyewe angependa kushika wapi, nitamtengenezea kitu kije kwa basi. Wasalimie wajomba wote wa huko. Evalina na Jenipha wanakusalimia. Salu wa Mwandoya anakusalimia na anasema kaka yako, yaani mimi, nina homa ya kamba. Mama Ng'washi anasema anakudai kicheko tangu msiba wa baba.

Mungu akupe nguvu kwenye mikono yako, dada, na akupe usingizi usiokatika. Akulipe kwa kila unapomgeuza mgonjwa wako, maana wewe ukiitwa huamka.

Mayu nimemwambia naandika. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amefikiri sana. Amesema nikuambie mkono umepona, na kwamba viazi vya mwaka huu mama Ng'washi amemwekea fungu shambani, vikikaa zaidi ya mwezi huu vitaingia wadudu. Hajasema zaidi. Lakini kanga zake amezifunga kwenye furushi tangu Jumatatu, liko chini ya kile kiti, na kisu chake cha michembe kimo ndani, nimeona mpini.

Ni mimi mdogo wako, mwenye makosa na anayekupenda,

Magese Maganga